Sura ya Nne: Chupa za Kundi la Pili

Karatasi ilikuwa imeshachapwa kabla mpelelezi hajafika shambani. Hilo ndilo lililomkera kwanza.

Meneja wa shamba aliisukuma juu ya meza kwa kidole kimoja, kama mtu anayesogeza sahani asiyoitaka. "Ungamo," alisema. "Hapa atasaini yeye. Hapa atasaini shahidi, yaani wewe, Afande. Bodi ya shamba inakutana saa kumi na moja jioni. Nataka karatasi hii iwe mbele yao."

Mpelelezi hakuishika. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye rula ya chuma katika mfuko wa shati, pale ambapo wenzake huweka kalamu. Kwa sababu hiyo kituoni walimwita Rula, na miaka ilivyopita hata mkewe akazoea kumwita hivyo.

Aliinama akasoma palepale mezani. *Mimi, mtafiti wa shamba, nakiri kwamba nilighushi majibu ya mwezi wa kwanza ili ionekane kuwa mafuta ya alizeti yanaboresha maziwa...*

"Umeshamuuliza?" Rula alisema.

"Aulizwe nini? Namba zimeshasema."

"Mimi nina masikio mabovu. Namba sizisikii mpaka nizishike."

Meneja alicheka kidogo, kicheko cha kumaliza mazungumzo, kisha akampa jalada jembamba. "Shika basi. Ng'ombe kumi na wawili. Kundi la kwanza, sita, wanakula chakula cha kawaida. Kundi la pili, sita, wanakula chakula hichohicho kikiwa kimechanganywa na mafuta ya alizeti, nusu lita kila ng'ombe kila siku. Huyu binti mtafiti anadai mafuta ya mimea yanabadilisha mafuta yaliyomo ndani ya maziwa. Mwezi wa kwanza akatuletea majibu ya kupendeza. Mwezi wa pili maabara ya mjini ikatuma majibu moja kwa moja kwangu. Tazama mwenyewe."

Rula alitazama. Katika maziwa ya kundi la pili, mafuta yalikuwa yameporomoka kutoka tatu nukta nane kwa mia hadi moja nukta tisa. Nusu nzima imeyeyuka. Alipitisha kidole juu ya karatasi ya maabara, akafika pembeni kwenye pini. Chini ya pini kulikuwa na kipande cha karatasi nyingine, kidogo kama ukucha wa mtoto. Aliitia karatasi ya ungamo ndani ya jalada, akalifunga akalitia kwapani.

"Alizeti imekwisha kazi hapa," Meneja alisema. "Kuanzia mwezi ujao shamba zima litakula chakula cha mifuko."

"Cha nani?"

"Cha mtu mwaminifu."

*

Mtafiti alikuwa ameketi katika chumba chake cha kazi, chumba kidogo chenye jokofu, sinki na rafu ya chupa. Alikuwa amemaliza chuo mwaka mmoja tu uliopita. Mikono yake ilinuka pumba na macho yalikuwa mekundu, lakini hakuwa analia tena. Rula aliweka ungamo mbele yake.

Alisoma hadi mwisho. Akarudi juu akasoma tena. "Nikisaini napata nini?"

"Nimeambiwa utapata barua nzuri ya kuondokea."

"Na nisiposaini?"

"Nitaandika kwamba umekataa."

"Basi andika kwa herufi kubwa, Afande." Aliirudisha karatasi. "Anayeijua habari hiyo ndiye aisaini. Mimi siijui."

Rula alivuta kiti. "Nieleze kazi yako kama unamweleza mama yangu. Alikufa bila kujua kusoma, lakini uongo aliujua."

Mtafiti alimtazama kwanza, apate kujua kama anataniwa. Kisha akaeleza. Mafuta ya maziwa si ya aina moja. Kuna magumu, ambayo ndiyo mengi, na kuna laini. Ng'ombe akila mafuta ya mimea kwa kiasi, sehemu ya magumu hupungua na laini huongezeka. Akizidishiwa, tumbo linavurugika na mafuta yote yanashuka.

"Yaani majibu ya mwezi wa pili yanaweza kuwa kweli," Rula alisema. "Umewazidishia."

"Ningewazidishia wangeharisha. Wangeacha kula. Ninapima mabaki ya chakula chao kila alasiri kwa mizani. Nenda kaangalie mavi yao, Afande, hayana siri."

"Nitakwenda. Kwa nini unajitaabisha hivi lakini? Ungeweza kupata kazi ya ofisi yenye feni."

"Baba yangu alikatazwa maziwa na daktari kwa ajili ya moyo," alisema. "Ni mtu aliyekamua ng'ombe maisha yake yote. Anakaa mezani anatazama vikombe vya wenzake. Sisemi maziwa yangu ni dawa. Nasema nataka kujua kama yanaweza kuwa bora kidogo. Kujua tu. Na hilo sitamwachia mtu aliyechapa jibu kabla ya kuuliza swali."

*

Ghala lilikuwa na pipa moja la mafuta, la lita mia mbili, lililofunguliwa siku ya kwanza ya jaribio. Leo ilikuwa siku ya sitini. Rula alipiga hesabu kwa sauti ya chini: ng'ombe sita, nusu lita kila mmoja, lita tatu kwa siku, siku sitini, lita mia na themanini. Kama hakuna aliyeiba na hakuna aliyezidisha, zibaki ishirini.

Alichomeka fimbo safi ndani ya pipa hadi ikagonga chini, akaichomoa, akapima sehemu iliyolowa. Sentimita nane na nusu. Kisha akapima urefu wa pipa lenyewe: themanini na tano. Sehemu moja ya kumi. Lita ishirini, bila tone la ziada.

Binti hakuzidisha. Na mwizi hayupo.

Kuhusu mavi, alikwenda kweli, akasimama nyuma ya ng'ombe wa kundi la pili mmoja baada ya mwingine, viatu vyake vyeusi vikizama. Yalikuwa mazito na yenye afya. Ng'ombe wa mwisho, mwekundu mwenye pembe moja, alimrushia teke lililopita karibu na goti.

"Huyo ni Kaidi," sauti ilisema nyuma yake. "Hapendi wageni. Hata wenyeji anatuvumilia tu."

Alikuwa mkamuaji wa shamba, mama mnene wa makamo mwenye kilemba cha manjano, na wote walimwita Mama Pacha. Alikuwa amebeba ndoo mbili tupu kwa mkono mmoja.

"Maziwa ya kundi hili unayaonaje, Mama Pacha?" Rula aliuliza.

"Siagi yake inapakika hata ikitoka kwenye jokofu. Ya wale wengine unaikwangua kama sabuni."

"Mwezi huu pia?"

"Jana pia. Binti alinipa siagi ya kupeleka nyumbani, wanangu wamemaliza kopo." Alitazama kando. "Wanasema binti ametudanganya. Mimi sijasoma, Afande, ila aliyetudanganya sisi wa shamba hili hanuki pumba."

Rula alichukua jambo hilo akaliweka pamoja na kile kipande cha karatasi chini ya pini. Siagi laini mwezi wote. Basi mafuta yamo, na ni yale yaliyotakiwa. Kwa nini maabara iyaone nusu?

Maji, aliwaza. Mtu ametia maji njiani. Na njiani kulikuwa na mtu mmoja tu.

*

Dereva wa shamba aliitwa Breki kwa sababu ndicho kifaa cha gari ambacho hakuna aliyewahi kumwona akikitumia. Alikuwa amelala chini ya gari, miguu nje.

"Toka, kaka. Nataka kuongea na upande wenye mdomo."

Breki alitoka akijifuta. Alipomwona afisa, uso ulimshuka. "Kama ni yule kuku, alijipeleka mwenyewe."

"Sijaja kwa kuku. Chupa za maziwa unazipeleka maabara kila siku. Umewahi kuzifungua?"

"Nizifungue nina wazimu? Zina vizibo vya lakiri. Anazifunga Mama Pacha mwenyewe."

Rula alifungua jalada. Kama ni maji yaliyotiwa, kila kitu kingepungua: mafuta, sukari, protini. Karatasi ya maabara ilionyesha sukari iko vilevile. Protini iko vilevile. Mafuta peke yake ndiyo yaliyoanguka. Hakuna maji duniani yenye ubaguzi wa namna hiyo. Alimwondoa Breki kwenye orodha ya washukiwa, kisha, kwa mazoea tu, akaomba daftari la safari.

Mwezi wa kwanza, kila ukurasa: *Kuondoka saa 10:30 jioni.* Mwezi wa pili, kila ukurasa: *Kuondoka saa 10:00 jioni.*

"Nani alibadilisha?"

"Bosi. Kila siku kutoka maabara napitia kwa shemeji yake kuchukua mifuko ya chakula cha ng'ombe, na shemeji anafunga mapema. Bosi alisema dakika moja ikipita, kazi sina. Kwa hiyo ikifika saa kumi napiga honi mpaka Mama Pacha anitukane."

"Anakutukana vipi?"

"Vizuri tu. Ana kipaji."

Rula hakucheka. Alikuwa ametoa saa yake. Ilikuwa saa tisa kasorobo.

*

Ukamuaji ulianza saa tisa kamili, kwa mkono, ng'ombe mmoja mmoja, kundi la kwanza likitangulia. Ulikuwa utaratibu wa Mama Pacha na haukuwahi kubadilika: alimaliza ng'ombe, akakoroga ndoo kwa upawa mrefu, akajaza chupa, akaifunga, akaenda kwa mwingine. Rula alisimama mlangoni na saa mkononi. Ng'ombe wa kwanza: dakika saba. Wa pili: saba. Wa tatu: saba na sekunde kidogo, kwa sababu alirusharusha mkia.

Ng'ombe kumi na wawili mara saba ni dakika themanini na nne. Akianza saa tisa, anamaliza saa kumi na dakika ishirini na nne. Gari la saa kumi na nusu lilimngoja. Gari la saa kumi kamili lilimkuta kwa ng'ombe wa tisa.

Lakini kwa mujibu wa jalada, maabara ilipokea chupa kumi na mbili kila siku.

Alimsogelea taratibu, akachuchumaa kando ya ndoo. "Mama Pacha. Mwezi huu chupa za kundi la pili umekuwa ukizijaza saa ngapi?"

Mikono yake ilisimama. Ng'ombe aligeuza kichwa kuuliza kuna nini.

"Sikuharibu kitu," alisema.

"Sijasema umeharibu."

"Yule mpumbavu anapiga honi, ng'ombe wanaruka, maziwa yanakata! Ningefanya nini? Nikimaliza kundi la kwanza, nawapitia wale sita haraka, natoa kidogo kidogo kila mmoja moja kwa moja ndani ya chupa. Nampa chupa zake aende zake. Halafu nakaa nawakamua kwa nafasi."

"Maziwa ya mwanzo kabisa."

"Ya mwanzo, ndiyo."

"Na wewe umekamua miaka mingapi?"

"Ishirini na miwili." Alishusha sauti. "Najua unachotaka kusema. Ya mwanzo ni mepesi, ya mwisho ndiyo yenye mafuta. Hata ndama anajua. Lakini binti aliniambia mwenyewe, siku ya kwanza, hapa hapa: 'Mama, hatutafuti wingi wa mafuta, tunatafuta aina yake.' Nikasema basi, aina ni ileile, mwanzo na mwisho yanatoka kwa Kaidi yuleyule. Nilimsikiliza, Afande. Nilimsikiliza sana."

Mtafiti alikuwa amefika nyuma yao na mizani yake ya mabaki. Alisikia yote. Aliweka mizani chini.

"Nilisema hivyo," alisema. "Ni maneno yangu. Sikukuambia kwamba wingi nao wanaupima."

Mama Pacha alisimama, mikono ikidondosha maziwa. "Basi waandike jina langu. Nipeni hiyo karatasi nitie dole gumba. Mimi ndiye niliyejaza."

"Hakuna atakayetia dole leo," Rula alisema. "Maneno bado ni maneno. Binti, hapa kuna kifaa cha kupimia wingi wa mafuta?"

"Kipo cha zamani, cha kuzungusha kwa mkono. Alama za mirija zimefutika kwa kuoshwa."

Rula aligusa mfuko wa shati. "Alama ninazo."

*

Walichukua ng'ombe wawili wa kundi la pili waliokuwa kwenye foleni. Kwa kila mmoja chupa moja ya maziwa ya mwanzo, na nyingine ya ndoo iliyokorogwa vizuri. Chumbani, Mtafiti alitia maziwa katika mirija ya kioo na kuongeza tindikali kwa uangalifu, huku akieleza: tindikali inakula kila kitu kwenye maziwa isipokuwa mafuta, na mafuta yanapanda juu yakasimama peke yake. Alifunga vizibo, akaipanga mirija ndani ya mashine, akazungusha mpini hadi jasho likamtoka. Dakika tano.

Rula aliinua mirija mbele ya dirisha. Juu ya kiowevu cheusi kulikuwa na nguzo ya manjano. Aliweka rula.

"Maziwa ya mwanzo, ng'ombe wa kwanza: milimita kumi na tatu. Ya ndoo: ishirini na sita." Aliandika. "Ng'ombe wa pili: kumi na mbili. Ya ndoo: ishirini na tano."

"Nusu," Mtafiti alisema kwa sauti ndogo. "Nusu ileile."

Mlango ulifunguliwa bila hodi. Nje, honi ya Breki ilianza.

"Saa kumi," Meneja alisema. "Gari linaondoka, na wewe Afande nimezungumza na mkuu wako. Anakutaka mjini sasa hivi."

Simu ya Rula ilikuwa imeshaanza kutetema mfukoni. Aliipokea, akasikiliza. "Ndiyo, mkuu... Hapana, mkuu, saini sijapata... Hapana. Sijamaliza. Nikimaliza nitakuja, na kama ni kunifukuza nifukuze nikiwa nimemaliza." Akakata. Hakuwahi kumkatia mkuu wake simu maishani. Aliangalia kidole chake kana kwamba ni cha mtu mwingine.

Kisha akafungua jalada. "Hii karatasi ya maabara. Imeandikwa chini, ukurasa wa kwanza. Kwenye pini imebaki ncha ya ukurasa mwingine. Wa pili uko wapi?"

"Hauna maana. Ni namba za kitaalamu tu."

"Namba za kitaalamu nazipenda." Rula alikuwa ameshapiga nambari iliyokuwa juu ya karatasi, akaweka spika. Karani wa maabara aliitika. Ndiyo, kurasa mbili, kama kawaida. Ndiyo, anaweza kusoma. Wa kwanza ni wingi. Wa pili ni aina: kundi la kwanza, mafuta magumu sabini na moja kwa mia. Kundi la pili, sitini na mbili.

"Na mwezi ule wa kwanza?" Rula aliuliza. "Kwenye nakala yenu, si ya shamba."

"Sitini na mbili na nusu," karani alisema. "Yanalingana. Kuna tatizo?"

"Hakuna, mwanangu. Kazi njema."

Mtafiti alishika ukingo wa sinki kwa mikono miwili. Majibu yake ya mwezi wa kwanza yalikuwa ya kweli, na mwezi wa pili ulikuwa umeyathibitisha. Uthibitisho huo ulikuwa umefichwa katika droo ya mtu.

"Uliubandua," alimwambia Meneja.

"Chunga ulimi. Mimi ndiye niliyekuajiri."

"Uliniajiri nipime. Nimepima."

Meneja alimgeukia Rula, sauti imelainika. "Afande, tuwe watu wazima. Mama Pacha amekosea chupa, amekiri. Jaribio limeharibika. Bodi haitataka hadithi ndefu. Kwa nini tusi..."

"Nusu saa uliyomnyang'anya yule mama umeipeleka kwa shemeji yako," Rula alisema. "Hilo pengine hukujua litaleta nini, na sitaandika kwamba ulijua. Lakini ukurasa wa pili uliusoma. Halafu ukakaa ukachapa ungamo la binti wa watu." Aliikunja ile karatasi isiyo na saini, akaitia ndani ya jalada. "Hii naichukua. Ni kidhibiti."

Meneja alitoka kwa hatua ndefu hadi uani. "Breki! Ondoka sasa hivi! Chukua chupa zilizopo uondoke!"

Honi ilikuwa imenyamaza. Breki alikuwa ameketi nyuma ya usukani, akitazama bandani, ambako Mama Pacha alikuwa amerudi kwa ng'ombe wa kumi kama mtu ambaye hakusikia kelele yoyote duniani.

"Bado chupa tatu, bosi," Breki alisema.

"Nimesema ondoka!"

Breki aliinama, akageuza ufunguo. Injini ikazimika. Akautoa ufunguo kabisa, akauweka juu ya paa la gari ambapo kila mtu angeuona, akafungua mlango, akaenda kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa karibu na banda.

"Kazi sina, basi," alisema. "Mama Pacha, kamua taratibu. Leo nangoja."

"Ndiyo mara yako ya kwanza kusimama," Mama Pacha alijibu bila kugeuka. "Usije ukaumwa."

Mtafiti alitoka chumbani akaenda kuushika upawa. Ng'ombe wa kumi na moja alikamuliwa, ndoo ikakorogwa, chupa ikafungwa. Meneja alikuwa bado uani, simu sikioni, akizunguka mahali pamoja. Hakuna aliyemtazama.

Mwisho akaletwa Kaidi. Alipiga teke moja la heshima, likapita hewani, kisha akasimama. Kwa dakika saba nzima yalisikika maziwa tu yakiingia ndooni, mwanzo kwa mlio mwembamba, baadaye kwa mlio mzito. Mtafiti alikoroga mara kumi, akihesabu. Akajaza chupa ya kumi na mbili, akaifunga, akamkabidhi Breki kwa mikono miwili.

Rula alitazama saa yake. Saa kumi na dakika ishirini na tano.

"Twende kwenye bodi, binti," alisema. "Lete mirija yako. Rula ninayo."